Mume wangu anarudi Desemba na anataka msingi uchimbwe. Tuanze?

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa nyumba ya kupanga hapa Barani, Malindi, na riziki yangu ni cherehani. Mume wangu yuko Doha, kazi ya ulinzi, na likizo hupewa kila baada ya miaka miwili. Likizo yake ijayo ni Desemba, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Mwaka juzi tulinunua kiwanja upande wa Ganda, futi 50 kwa 100. Aliyetuuzia ni kijana mkubwa wa mzee mmoja wa pale ambaye ameshatangulia mbele ya haki. Tuliandikiana mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi wawili, tukalipa pesa zote, tukapewa karatasi yetu. Karatasi ina jina la mume wangu peke yake kwa kuwa ndiye aliyetuma fungu kubwa, ingawa na mimi nilitia pesa zangu za mchezo, yaani upatu. Hati miliki bado hatujapata. Kila nikiuliza naambiwa inashughulikiwa.

Sasa tuna akiba ya shilingi 680,000. Mume wangu anasema akishuka tu kwenye ndege msingi uchimbwe, na kabla hajaondoka aone kuta zimefika kwenye linta. Anasema pesa zikikaa benki zitaliwa na mambo madogo madogo, na wenzake wa pale kambini wote wameshajenga kwao. Kila wiki hunitumia picha za nyumba: paa la zege, madirisha ya vioo kutoka chini mpaka juu, vyumba vinne, sebule mbili. Fundi aliyemchagua ni binamu yake. Nilipomuuliza fundi habari za ramani alinijibu, "Shemeji, nyumba ya chini ramani ya nini? Mimi naipiga kwa macho."

Mama mkwe wangu anataka chumba chake, na hilo sina neno nalo, ni mzazi. Lakini shemeji yangu naye ameanza kusema kwamba nyuma ya kiwanja ni pake, atapiga vyumba viwili vya kupangisha. Mume wangu hajamjibu ndiyo wala siyo.

Mimi naona mambo yanakwenda mbio, ila nikifungua mdomo naonekana sitaki maendeleo. Na sikufichi mama, nyumba ya kupanga imenichosha, kodi inapanda na watoto wanakua. Je, tuanze na hizi pesa tulizonazo halafu tuendelee kidogo kidogo, au tungoje? Na kama ni kungoja, nimwambie vipi baba watoto bila kuzua ugomvi?

Mama Watatu, Malindi

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Msingi usichimbwe Desemba hii. Lakini Desemba yenyewe msiipoteze hata siku moja, kwa sababu ziko kazi ambazo mumeo lazima awe hapa mwenyewe kuzifanya, na ndizo zitakazoamua kama nyumba itakuwa yenu au mtakuwa mmemjengea mtu mwingine.

Umeniuliza habari za pesa, lakini kilichonishtua ni neno ulilolipitia haraka: aliyewauzia ni kijana mkubwa wa marehemu. Mzee akifa, ardhi yake haimwangukii kijana mkubwa kwa sababu tu ndiye mkubwa. Sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama iwe imewapa watu barua za usimamizi wa mirathi na kuzithibitisha. Kuna mjane? Kuna mabinti walioolewa Mombasa au Kilifi? Kuna mtoto aliyekuwa shuleni wakati ule? Wote hao wana fungu lao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetia saini karatasi yenu. Nyumba nyingi ninazoziona zimekwama kwenye linta, magugu yameota sebuleni, hazikukwama kwa kukosa saruji. Alikuja dada wa muuzaji akasema, "Hapa ni kwa baba yangu, mimi sikuuza," na kazi ikasimama hapo hapo.

Na hata kabla ya warithi kuna swali lingine, ambalo sisi watu wa mwambao tunalijua kwa uchungu. Je, ardhi ilikuwa ya mzee mwenyewe? Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, katika ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, wasiopeleka madai yao wakati ule walihesabiwa kuwa hawana kitu, na ardhi ikaandikwa kuwa ya serikali au ya wenye hati. Ndiyo maana mpaka leo ziko familia zilizozaliana na kuzikana mahali pamoja vizazi vitatu, na hati ina jina la mtu ambaye hawajawahi kumwona. Ndiyo maana pia pwani yetu ina biashara ya nyumba bila ardhi, mtu anauziwa kuta na paa huku kiwanja kikiwa cha mwingine anayedai kodi ya ardhi. Simtuhumu huyo kijana. Inawezekana kabisa kwamba kila kitu kiko sawa. Lakini saini ya mzee wa mtaa haiwezi kukuambia hayo. Yeye ni shahidi kwamba mliuziana, wala si shahidi kwamba aliyeuza alikuwa na kitu cha kuuza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ianze wiki hii, usimngoje mumeo. Mwombe muuzaji namba ya kiwanja. Akisita kukupa namba, umeshajifunza jambo. Ukiipata, omba upekuzi rasmi katika masijala ya ardhi ya kaunti, ukiwa na kitambulisho na namba yako ya PIN ya mamlaka ya kodi (KRA). Ada yake ni ndogo, na jibu litakueleza mambo ninayotaka ujue: mwenye ardhi ni nani kwa jina, ukubwa wake ni upi, na kama kuna zuio au rehani ya benki juu yake.

Jina likitoka la marehemu, Desemba ndipo mumeo awakusanye warithi wote, mjane na mabinti wakiwemo, mbele ya wakili. Msirudi tena mbele ya mti na kiti cha mzee wa mtaa. Kama marehemu alikuwa Mwislamu na warithi ni Waislamu, shauri la mirathi linaweza kupelekwa Mahakama ya Kadhi, na hapa Malindi tunayo. Kama si hivyo, ziko mahakama za kawaida. Mirathi ikithibitishwa, mnaandikiana upya na wasimamizi wake. Tena kama kiwanja kinahesabiwa kuwa cha kilimo, na huko Ganda inawezekana, mauziano yanahitaji kibali cha bodi ya usimamizi wa ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu kuandikiana. Karatasi yenu ya mwaka juzi imeshavuka muda huo. Mwambieni wakili hili mapema asije akalivumbua mwishoni. Wekeni kando pia ushuru wa stempu wakati wa kuhamisha hati, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani.

Hapo hapo kwa wakili jina lako liingie. Nasema hivi bila kuona haya, na mumeo asilichukue kwa ubaya. Ulitia pesa za mchezo, na kuta zitakapopanda utakuwa wewe unayesimama juani kuhesabu mawe. Uliza tofauti kati ya umiliki wa pamoja na umiliki wa hisa. Katika ule wa kwanza, mmoja akifa ardhi yote humwendea aliyebaki. Katika wa pili, kila mtu ana hisa yake, na hisa ya marehemu huenda kwa warithi wake. Kwa Waislamu jambo hili linagusa mirathi, kwa hiyo zungumzeni na kadhi kabla ya kuchagua.

Haya, tuseme karatasi zimenyooka. Kazi ya pili ya Desemba ni kumwita mpimaji mwenye leseni, awaonyeshe bikoni zote nne, yaani alama za pembe za kiwanja, na majirani wawepo wakiangalia. Mkiwa na majirani hao, waulizeni maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 1997, na zile za mwisho wa 2023. Mtu atakunyooshea kidole mpaka kwenye shina la mnazi. Jibu hilo ndilo litakalowaambia sakafu ipande kiasi gani kutoka chini.

Kisha ije kazi ambayo mimi naipenda kuliko zote, na gharama yake ni mchana mmoja tu. Chukueni vigingi vya mti, kamba, na mfuko wa chokaa. Ichoreni nyumba juu ya ardhi kwa ukubwa wake kamili, chumba kwa chumba, kuta kwa unga wa chokaa, milango muiache wazi. Halafu ingieni ndani mkae. Mume wako alale chini mahali pa kitanda, futi 5 kwa 6, na wewe upite kando yake ukiwa umebeba ndoo. Unapita? Mlango ukifunguka unagonga kabati? Mtoto akiamka usiku kwenda chooni anapitia wapi, sebuleni mbele ya wageni? Mama mkwe akitoka chumbani kwake anapanda ngazi ngapi? Picha kwenye simu haijibu maswali haya hata moja. Wengi nimewaona wakianza na vyumba vinne na kuishia vitatu, na kila mmoja akafurahi, kwa sababu waliona kwa macho kwamba chumba cha nne kilikuwa kinakula veranda.

Na jambo moja limeniuma. Katika barua yako yote hakuna mahali pa cherehani. Hiyo ndiyo inayolisha watoto mshahara wa Doha ukichelewa, na hakuna aliyeiwekea kona. Iweke wewe. Iwe karibu na mlango wa mbele, mteja aje kupimwa bila kupita vyumbani, na dirisha lake litazame kaskazini au kusini, upate mwanga usiokuchoma machoni asubuhi na jioni. Wewe hukati kitambaa kabla hujampima mtu, basi waambie na wao hivyo.

Sasa hizo picha. Nyumba ya vioo kutoka chini mpaka juu imebuniwa kwa mtu anayewasha kiyoyozi mchana kutwa na anayeweza kulipa bili yake. Malindi tuna upepo wa bure. Kusi hutoka kusini-mashariki, miezi mingi na kwa nguvu, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Nyumba iliyolazwa mashariki kwa magharibi, ukuta mrefu ukitazama kusini na kaskazini, madirisha yakikabiliana chumba kwa chumba, hupumua yenyewe. Upande wa magharibi, ambako jua la saa kumi hupiga mpaka ukuta ukatoa joto usiku, wekeni stoo, bafu na ngazi kama zitakuwepo. Choo na jiko la kuni viwe upande ambao kusi inatoka nyumbani, isiwe upande inakoingilia, la sivyo moshi wote mtaula nyinyi.

Maji machafu yanahitaji penseli kabla ya jembe. Sehemu kubwa ya huku kwetu hakuna bomba la majitaka, kila mtu ana shimo lake. Na wengi wana kisima. Wataalamu wa afya hutaka shimo na kisima viachane angalau mita 30. Kiwanja chenu kina urefu wa futi 100, yaani mita 30 na nusu, na hata mkipima kutoka pembe hadi pembe ni mita 34 tu. Maana yake, mkiweka kisima pembe moja na shimo pembe ya pili, mmeshamaliza kiwanja, na bado hamjajua shimo la jirani liko wapi. Kwenye ardhi ya matumbawe maji hupenya haraka sana. Mimi ningewashauri msitegemee kisima kwa maji ya kunywa. Ombeni bomba, na jengeni tangi la maji ya mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 kwa usiku mmoja, lita 1,200 zimeanguka, zimwagike uani au ziingie tangini. Lakini mahali pa tangi na mteremko wa gata lazima vichorwe sasa.

Hapo ndipo shemeji yako anapoingia. Vyumba viwili vya kupangisha nyuma maana yake ni choo kingine, njia ya kupita wapangaji, na mita zile 30 ambazo hazipo. Mumeo amjibu, tena akiwa hapa Desemba, mbele ya mama yao, kwa upole na kwa maandishi. Kunyamaza kwake leo kutasomwa kama ruhusa kesho, na ndugu atakayeambiwa ondoka baada ya kuchimba msingi hatasahau mpaka mwisho wa maisha yake. Ukiulizwa wewe, sema, "Tumngoje mwenye ramani atuambie kama panatosha." Usijifanye hakimu kati ya ndugu wawili.

Mama mkwe ni rahisi zaidi, na umelisema vizuri. Chumba chake kiwe karibu na choo, sakafu moja bila kizingiti cha kujikwaa, na mlango wa upana wa sentimita 90, ili akihitaji mkongojo au kiti cha magurudumu apite. Kuupanua mlango baadaye ni kubomoa ukuta wa mawe.

Tuje kwenye 680,000. Nyumba ya vyumba vinne na sebule mbili inaweza kufika mita 12 kwa 10 bila shida, yaani mita za mraba 120. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10 hapo ni mita za ujazo 12. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, hiyo inakula mifuko kama 75 ya saruji ya kilo 50, kabla ya kokoto, mchanga, mawe ya msingi na mkono wa fundi. Paa la zege analolitaka mumeo, unene wa sentimita 15 tu, linapita mifuko 110, na bado nondo, mbao za kushikilia na watu wa kumwaga. Muulize muuza saruji wako bei ya leo, upige hesabu mwenyewe kwenye daftari la cherehani. Utaona pesa zinaishia ardhini, na mumeo atarudi Doha akiacha kuta zisizo na paa zinazonyeshewa masika mbili mpaka arudi.

Kujenga kidogo kidogo si vibaya. Karibu sote tumejenga hivyo. Lakini kinachogawanywa vipande ni ujenzi. Ramani huchorwa nzima tangu mwanzo, halafu mnachagua kipande kinachoweza kufika kwenye mabati kwa pesa zilizopo: vyumba viwili, jiko, choo na bafu, na veranda ya kukaa. Mnahamia, kodi ya Barani inakoma, na kodi hiyo ndiyo inayoendeleza chumba cha tatu. Kipande cha pili kikija, kinakuta ukuta ulioachwa wazi mahali pake na bomba lililolazwa tayari. Mpelekeeni mkadiriaji ramani hiyo awape orodha ya vifaa na bei, kipande kwa kipande, na juu yake muongeze akiba ya asilimia 10 hadi 15, kwa sababu daima kitu hupanda. Ikionekana hata vyumba viwili havifiki kwenye mabati, mnangoja. Hakuna aibu.

Amueni pia leo kama siku moja mtataka ghorofa. Kama ndiyo, mhandisi aupime msingi kwa ajili hiyo tangu sasa. Kama hapana, fundi asiache nondo zimechomoza juu ya nguzo kwa matumaini. Hewa ya chumvi ya huku inazila, na kutu ikishuka ndani hupasua zege iliyokuwa nzima. Maji ya kukorogea zege yasiwe ya kisima chenye chumvi, mchanga usiwe wa baharini, na zege ifunike nondo sentimita 4 mpaka 5. Mabati mkiyafikia, kumbukeni geji 28 ni nene kuliko geji 30 na 32. Namba ikishuka, unene unapanda.

Fundi anayepiga kwa macho simdharau. Wapo wenye macho makali kweli, na huenda yeye ni mmoja wao. Lakini kaunti inataka ramani iliyopitishwa kabla ya kujenga, na mkikamatwa bila kibali nyinyi ndio mtakaosimamishwa, yeye ataenda kwenye kazi nyingine. Zaidi ya hayo, bila ramani hamna cha kumpimia. Akisema amemaliza, amemaliza nini? Mlipeni kwa hatua zilizoandikwa, msingi, kuta, linta, paa, na fungu la mwisho libaki mkononi mpaka mvua ya kwanza ipige na mwone kama panavuja. Undugu ubaki, na karatasi iwepo.

Baba watoto sasa. Usimwambie tusijenge. Mwanamume aliyesimama getini usiku kucha katika nchi ya watu akihesabu likizo yake anastahili kusikia kitu cha kufanya, wala asisikie kukatazwa. Hofu yake kwamba pesa zitaliwa ni ya kweli, basi ijibu: pesa ziwekwe kwenye akaunti isiyotoka bila nyinyi wawili. Msizigeuze kuwa saruji ya kuweka stoo, maana unyevu wa hapa huigandisha kabla ya miezi mingi kupita. Halafu mtumie ujumbe wa sauti siku yake ya mapumziko, asiwe anatoka zamu. Mimi ningesema hivi:

"Baba watoto, nataka nyumba hii kuliko wewe, maana mimi ndiye ninayelipa kodi mkono kwa mkono kila mwezi. Nimeanza kushughulikia upekuzi. Ukija Desemba nataka tukamilishe saini za warithi, tupime mipaka, tuichore nyumba chini kwa chokaa, na tumpe msanifu kazi. Ukirudi huko utakuwa na ramani kwenye simu. Nikikutumia picha ya ukuta utajua ni ukuta upi, wa urefu gani, na fundi anastahili kulipwa ngapi. Bila ramani, utakuwa unaangalia mawe tu."

Naamini hilo la mwisho litamwingia. Anataka kusimamia, na ramani ndiyo njia yake pekee ya kusimamia akiwa mbali.

Karatasi zikinyooka mapema, kuchimba kungoje miezi mikavu ya mwaka ujao, Januari hadi Machi, mabati yafike kabla ya masika ya Aprili. Zikichelewa, ngojeni mvua zipite, muanze Agosti.

Na kama yule kijana ataleta ukaidi, au upekuzi ukitoa jina la mtu msiyemjua, usiende kugombana naye kiwanjani. Kusanya karatasi ya mauziano, ushahidi wa pesa zilizotumwa kwa simu na majina ya mashahidi wale wawili, upeleke kwa wakili. Mashauri ya namna hiyo husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapa Malindi ipo. Shilingi 680,000 zenu zitakuwa bado mkononi, na kiwanja kingine kinaweza kununuliwa.